Kioo Juu ya Ufa

12 Januari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema huko kwenye baridi yako. Mimi huku sijambo. Shangazi yako naye hajambo, ila bado anazungumza kama mtu aliye ng'ambo ya mto, hata mkikaa naye meza moja. Anakusalimu sana.

Barua yako ya mwisho wa mwaka niliipata. Mwandiko wako umeharibika, na katika ukurasa wa pili umeanza sentensi tatu mfululizo kwa neno "basi". Sikukusomesha hivyo.

Sababu ya kuandika ni ukuta. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mama yako, ule unaotazama uchochoro, umepata ufa. Unaanzia juu ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi karibu na kitanda chake. Mwanzoni nilidhani ni utando wa buibui, nikaupangusa kwa kitambaa. Haukutoka. Sasa unaingia ukucha wa kidole gumba.

Fundi Saruji amekuja kuutazama. Unamkumbuka: alikaa dawati la nyuma, akanakili hesabu za jirani yake pamoja na makosa yake. Leo ndiye aliyepiga lipu nusu ya mtaa huu, na kila apitapo mlangoni pangu huitazama nyumba yangu kama fisi amtazamaye mbuzi anayechechemea. Aliniambia, "Mwalimu, ni wewe uliyetuchapa kwa methali hii: usipoziba ufa utajenga ukuta. Niachie mimi. Nikiupiga saruji, hata risasi haipiti." Nikamjibu kwamba sikuagiza ukuta wa kuzuia risasi.

Ofisi ya majengo ya kale haijasaidia. Kile kibao chao bado kipo juu ya mlango, kikisema kwamba nyumba hii inalindwa. Bwana aliyekuja kukipigilia alitoboa ukuta kwa misumari minene kama vidole vyangu, akanisomea sheria ya kutogusa hata jiwe moja bila kibali, akaondoka. Hajaonekana tena. Nimewaandikia. Wamejibu kwamba barua yangu imepokelewa.

Nyumba hii ilijengwa na babu yangu kwa mawe na chokaa, na mama yako amefia humu. Wewe ndiye uliyesomea nyumba za kale. Niambie la kufanya, nami nitalifanya kama ulivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Pia niambie utakuja lini. Hilo ni swali la pili, lijibu nalo.

Baba yako

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Unakula vizuri? Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na chokaa. Msalimie shangazi, mwambie nimemsikia mpaka huku.

Nimesoma habari za ukuta mara mbili. Nakuomba, usimruhusu Fundi Saruji auguse. Mwambie tu kwamba binti yako ni mkaidi, atakubali, ananijua. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, baba. Mvua ikinyesha unakunywa maji kidogo, jua likiwaka unayatoa. Ukiupiga saruji umeuvika koti la mpira: nje unapendeza, ndani unaoza. Nusu ya kazi yangu hapa ni kubandua saruji iliyopigwa na watu wenye nia njema. Methali ni ya kweli, lakini haikusema uzibe kwa kitu gani.

Sasa fanya mambo mawili. Kwanza, mtume mtu apande azibue mfereji wa paa upande wa uchochoro, maana nahisi maji yanamwagikia msingi. Pili, mwite fundi wa vioo akukatie kipande chembamba, kama cha fremu ya picha, urefu wa kiganja. Kilazwe kukingama ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande wa pili, na kila ncha ishikwe kwa chokaa. Andika tarehe pembeni. Kisha katika kila barua uniambie jambo moja tu: kioo ni kizima, au kimevunjika? Ni desturi ya kazi yetu, usijisumbue na sababu zake. Kila asubuhi ya mtihani ulikuwa ukiandika juu ya ubao: "Jibu ulichoulizwa, usiongeze." Basi nami nataka hivyo hivyo. (Nimeanza kwa "basi" mara moja tu.)

Swali la pili. Kazi ya chokaa haifanyiki kwenye mvua, maana inataka kukauka polepole, nami nina likizo moja tu mwaka huu. Kioo kikikaa kizima mpaka mvua zikatike, nitakuja mwezi wa nane na kuutengeneza ukuta huo kwa mikono yangu. Safari hii sitachelewa.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumaini vidole vyako vimepona. Vipake mafuta.

Maagizo yako yametekelezwa. Mfereji umezibuliwa, ndani yake kulikuwa na kiota, mpira wa watoto na kiatu kimoja cha kike ambacho hakuna jirani aliyekubali kuwa ni chake. Fundi wa vioo ni yule mfupi mwenye karakana kando ya mashine ya kusaga. Ni mtu mpole. Hukinong'oneza kioo kabla ya kukikata, kana kwamba anakiomba radhi. Alipomaliza kukipachika alirudi nyuma, akakitazama, akauliza, "Mwalimu, hapa tumeweka picha ya nani?"

Nikamjibu, "Ya ufa."

Akasema hajawahi kuwekea fremu kitu kibaya namna ile. Tarehe nimeiandika mwenyewe kwa wino.

Mtaa mzima umeshapata habari. Fundi Saruji alisimama uchochoroni akaniita, "Mwalimu! Naambiwa siku hizi unautibu ukuta kwa miwani!" Nilifunga dirisha.

Mwezi wa nane nimeuandika kwenye kalenda ya jikoni.

Kioo ni kizima.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi wa barua hii, naandika nimekaa kwenye ubao wa jukwaa la ujenzi, miguu inaning'inia. Hujambo lakini? Na shangazi?

Tumeanza kufungua kichwa cha mnara tunaoukarabati. Ni jengo la zamani kuliko nchi yenyewe, na wenyewe wanalipenda kwa namna ya kukufanya uone wivu. Jana alikuja bibi mmoja na mjukuu wake, akanishika mkono huu uliojaa chokaa, akanishukuru. Hanijui hata kidogo. Vijana ninaofanya nao kazi wameniita Mama Taratibu, kwa sababu kutwa nzima nawaambia "taratibu, taratibu".

Habari ya kioo imenifurahisha. Endelea kukiangalia. Kizima au kimevunjika, basi.

Binti yako

3 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea barua yako ikiwa na alama ya kidole cheupe kwenye bahasha. Nakusalimu. Huku sote hatujambo.

Mvua zimeanza, na zimeanza kwa hasira. Uchochoro umekuwa mto, na watoto wa jirani wanashindanisha kandambili zao juu ya maji. Mfereji unafanya kazi ipasavyo.

Fundi Vioo siku hizi hufika mara kwa mara. Akimaliza shughuli yake hukaa nami kwa chai sebuleni. Nimegundua kwamba hajui kusoma vizuri, nami nimeanza kumfundisha. Anauliza maswali mengi kuliko darasa zima la zamani. Juzi aliniuliza kwa nini herufi kubwa huanza sentensi na siyo kumaliza. Nimekaa na swali hilo siku nzima.

Umesema wageni wanalipenda jengo lao. Ni vizuri. Nawe fanya kazi yao kwa uaminifu, kwa maana mtu huonekana kwa kazi anayoifanya mahali asipojulikana. Chumba cha mama yako nakifagia mwenyewe. Shuka nimebadilisha, ingawa hakuna anayelalia.

Kioo ni kizima.

Baba yako

24 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Barua yako nimeisoma jukwaani kwa sauti, nikiwatafsiria vijana habari ya herufi kubwa. Wamecheka mpaka mmoja akaangusha mwiko.

Nakuambia ukweli: kioo chako kimenipa usingizi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiamka na ukuta ule kichwani. Sasa mvua zimenyesha na bado ni kizima, basi ukuta umetulia, ni ufa wa uzee tu. Unakumbuka mama alipofariki nilifika kaburi limeshaota majani. Nilijiambia sitasubiriwa tena nyumbani nikakosa kufika. Mwezi wa nane siyo mbali.

Tuanze maandalizi. Nunua chokaa ya mawe, iliyochomwa vizuri, uiloweke kwenye lile pipa la uani. Itachemka yenyewe, usimruhusu mtoto asogee. Ikishapoa, hakikisha maji yanaifunika siku zote, isikauke hata siku moja. Ikikaa miezi inakuwa laini kama siagi, na hiyo ndiyo dawa ya nyumba yetu. Nitaujaza ufa kwa chokaa hiyo, jiwe kwa jiwe, na ukipitisha mkono juu yake hutajua palipouma.

Nataka tufanye wote, baba. Wewe utakaa kwenye kiti cha mama na kunisahihisha.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Shangazi yako alikuwa na mafua, sasa amepona na sauti imerudi yote.

Chokaa imelowekwa. Ilichemka kama ulivyosema. Shangazi yako alikimbilia barabarani akisema nimepika shetani. Kila asubuhi natazama maji. Yakipungua naongeza.

Kiti cha mama yako kilikuwa na mguu uliolegea. Kimetengenezwa.

Kuhusu safari yako, usiwe na shaka yoyote. Fundi Vioo hunitania kwamba nyumba yangu inakula vioo kama mbuzi alavyo majani. Cha kwanza kilivunjika kabla wino wa tarehe haujapauka. Cha pili kilifuata mvua zilipoanza, na cha tatu kilikatika katikati kwa mlio ambao nilidhani ni panya kabatini. Kila mara Fundi Vioo alikuja siku ile ile akapachika kingine, nami nikaandika tarehe upya. Kwa hiyo sikuwahi kukuandikia jambo lisilo kweli. Hiki cha sasa nilimwagiza alete kinene, cha kufunikia meza, ili tusihangaike tena hadi mwezi wa nane. Ulisema utakuja kioo kikikaa kizima, nami nimehakikisha kwamba hakikosekani.

Mlango wa chumba haufungiki tena, umekuwa kama umevimba. Nimemwita seremala aupunguze.

Kioo ni kizima.

Baba yako

TELEGRAMU
22 Mei

TOKA NYUMBANI LEO. LALA KWA SHANGAZI. USIINGIE CHUMBA CHA MAMA. MTU YEYOTE ASIINGIE. BINTIYO

TELEGRAMU
24 Mei

NIMETOKA. NIPO KWA SHANGAZI. SABABU HUKUSEMA. KIOO NI KIZIMA. BABA

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Asante kwa kutoka. Asante, asante. Nimelia mbele ya karani wa posta, akanipa kiti.

Naandika haraka ili barua iwahi gari la jioni. Ukuta huo unatembea, baba. Mvua hizi usiziamini. Mtafute Fundi Saruji, ndiyo, yeye yeye, alete magogo manene auegemeze kutokea uchochoroni, miguu ya magogo akaichimbie mbali na msingi. Asipige lipu, asizibe kitu. Aegemeze tu. Na seremala asiguse mlango ule, huenda ndio unaobeba uzito wa ukuta.

Nimeomba ruhusa ya kuondoka. Msimamizi amesema kichwa cha mnara kiko wazi na hapa hakuna mwingine wa chokaa. Nikiondoka sasa, mvua itaingia ndani ya kuta za watu. Ameniomba nimalize kukifunga, mwisho wa mwezi ujao. Kwa kuwa wewe umeshatoka ndani, nimekubali. Usirudi humo hata kuchukua miwani.

Sababu nitakueleza nikifika.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka chumba cha nyuma cha shangazi yako. Mimi sijambo.

Barua yako ya tarehe 27 ilifika siku mbili baada ya ukuta.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, jua limetoka kali. Nilikuwa nimekwenda kuongeza maji kwenye pipa, na nilipotoka uani kuelekea uchochoroni nikamkuta Fundi Saruji amesimama, ameinua uso. Akaninyamazisha kwa mkono, mimi mwalimu wake. Akasema, "Sikiliza." Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayetafuna karanga. Kisha akanishika kwapani akanivuta hadi kwa jirani.

Haukuanguka kwa kishindo. Uliketi, kama mzee anavyoketi pasipo kushika kiti. Vumbi lilipotua, chumba cha mama yako kilikuwa wazi mbele ya watu wote. Kitanda chake kilikuwa palepale, shuka limetandikwa, na kiti kando yake. Kanzu yake ya zambarau ilikuwa bado imetundikwa msumarini kwenye ukuta wa ndani. Watu walijaa uchochoroni wakitazama.

 Fundi Saruji alikwenda kwake akarudi na turubai lile analofunikia mifuko yake ya saruji, akapanda ngazi, mimi nikimkemea ashuke, akalitundika lote kuanzia kwenye boriti hadi chini. Aliposhuka aliniambia, "Mwalimu, mama siyo wa kuangaliwa hivi." Nilimpa mkono. Sikuwahi kumpa mkono mtu huyo.

Ofisi ya majengo ya kale ilifika kesho yake asubuhi. Sikujua kwamba wana gari. Wamesema sehemu iliyobaki ni hatari, na imebomolewa kwa amri yao kwa muda wa siku chache. Wameweka kibao kipya cha kuonya wapita njia. Kile cha zamani, cha kusema kwamba nyumba inalindwa, walikibandua kwa uangalifu mkubwa wakaondoka nacho, kwa kuwa ni mali ya ofisi.

Fundi Vioo alifukua kifusi kwa mikono yake akakipata kile kioo kinene. Chokaa ya ncha moja ilibanduka ukutani, lakini chenyewe hakina hata mkwaruzo, na tarehe yangu inasomeka. Nimekiweka dirishani.

Kwa kuwa ukuta haupo, nadhani hakuna tena cha kukuleta huku. Usiharibu likizo yako. Kazi ya mnara ni muhimu, na wenyewe wanakutegemea.

Kioo ni kizima.

Baba yako

23 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Pole. Sijui kuandika pole kwa baba yangu mwenyewe, naona neno ni dogo, lakini sina jingine. Pole kwa nyumba ya babu yako. Pole kwa kitanda cha mama. Mpe Fundi Saruji mkono mwingine kwa niaba yangu.

Nilikuambia nitakueleza sababu nikifika. Nakueleza sasa.

Kioo hakizuii ukuta, baba. Hakishiki kitu. Kinawekwa chembamba makusudi ili kivunjike. Ukuta ukitulia, kinabaki. Ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinavunjika, na hapo fundi anajua ni mbio. Kile cha kwanza kilipovunjika, ningekuwa nimeshapanda ndege wiki ile ile. Mnara ulikuwa bado umefungwa, na likizo yangu nilikuwa nimeiweka kwa ajili hiyo. Ningeuegemeza ukuta kabla ya mvua.

Sikukueleza kwa sababu sikutaka ulale ukisikiliza ukuta. Nilijua hutatoka humo, nikaona afadhali usijue. Nikakuandikia swali moja dogo, nikakukataza kuongeza, nikakuahidi kuja kioo kikiwa kizima. Nami ndiye ninayejua kwamba wewe huahidiwi kitu ukakaa tu. Kosa ni langu.

Mnara tumeufunga Jumanne. Watu walipiga makofi. Nilishuka ngazi nikaenda kukaa nyuma ya mchanga.

Sasa naomba barua moja. Sitaki unijibu nilichouliza. Niandikie yale ambayo sikuuliza, yote, hata yasiyo na mpangilio. Na uniambie kama unataka nije, hata kama hakuna ukuta.

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa Fundi Vioo. Mimi ninatamka, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia hautulii tangu wiki iliyopita. Utaona makosa. Ameniuliza kama ayafute, nimemwambia ayaache.

Umeandika kwamba kosa ni lako. Ondoa sentensi hiyo. Nilifundisha miaka mingi kwamba mtu ajibu alichoulizwa asiongeze, na sikuwahi kujiuliza mwenye kuuliza akisahau jambo nani atalitaja. Fundi Vioo aliniuliza kile cha pili kilipovunjika, "Mwalimu, binti anajua?" Nikamwambia hakuuliza idadi. Anaandika maneno haya mwenyewe na ananitazama.

Umesema niandike ambayo hukuuliza.

Wewe huniuliza kama sijambo, nami hujibu sijambo, kwa kuwa ndivyo swali hilo linavyojibiwa. Miguu yangu imevimba tangu mwezi wa pili. Ngazi za nyumba nilikuwa nikizipanda kwa kukaa, moja moja, kwa makalio, kama ulivyokuwa ukizipanda wewe ulipokuwa mdogo. Fundi Vioo alinikuta hivyo siku moja akajifanya ameangusha kitu ili nisione kwamba ameniona. Daktari amesema moyo umechoka. Ametoa vidonge. Shangazi yako ananipigia kelele nivimeze.

Nilikuwa nalala chumba cha mama yako, kwenye mkeka kando ya kitanda chake, upande wa ukuta. Nikiuona ufa niliona kama kuna mtu wa kuzungumza naye.

Mama yako mwishoni aliuliza kila siku utakuja lini. Nilimwambia, "Mvua zikikatika." Sikujua. Nilisema tu kwa kuwa ni jibu. Alifariki mvua bado zinanyesha, na mpaka alipofumba macho hakulalamika. Uliponiandikia maneno yale yale, mvua zikikatika, nilijiambia kwamba safari hii nitahakikisha hakuna kitu kitakachovunjika kabla.

Uwanja sasa ni mtupu. Fundi Saruji amepanga mawe yote mazima kando ya uzio bila kuambiwa na mtu, na hajayapaka kitu. Pipa lipo. Kila asubuhi Fundi Vioo hunishika mkono twende kuongeza maji. Chokaa imekuwa laini kama siagi, kama ulivyosema. Sijui ni ya nini tena, lakini ulisema isikauke.

Umeuliza kama nataka uje. Nilikuuliza utakuja lini tarehe 12 Januari. Lilikuwa swali la pili katika barua ile. Lilipaswa kuwa la kwanza.

Nataka uje.

Baba yako

TELEGRAMU
19 Julai

NAKUJA IJUMAA. SIJI KWA UKUTA. MAJI YA PIPA AONGEZE FUNDI. WEWE KAA NINGOJE. BINTIYO